Asilimia 9 isiyowezekana: uchambuzi wa kisa cha mjamzito mwenye Resus hasi

Mama wa miaka 29, mimba ya pili, wiki ya 30, aliteleza akishuka matatu pale Githurai jioni ya mvua, akaangukia ukingo wa mlango kwa upande wa tumbo. Alifika hospitali saa tano hivi baada ya kuanguka. Hakuwa akitoka damu, tumbo lilikuwa laini isipokuwa mahali pamoja palipouma pakiguswa, na mtoto alikuwa akicheza. Kijitabu chake cha kliniki kilionyesha kundi la damu A, Resus hasi, yaani seli zake nyekundu hazina alama iitwayo antijeni D. Kipimo cha kingamwili mwanzoni mwa mimba kilikuwa hasi. Baba ni kundi O, Resus chanya. Sindano ya anti-D ya wiki ya 28, inayozuia mwili wa mama wa Resus hasi kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto wa Resus chanya, hakuwa ameipata, jambo ambalo si geni Nairobi: mama huandikiwa, huenda kuulizia bei, kisha huahirisha.

Usiku ule alitolewa damu ya kipimo cha Kleihauer, kinachohesabu seli za mtoto zilizoingia katika damu ya mama, na kuambiwa kwamba sindano itasubiri majibu. Asubuhi karatasi ikaletwa wodini: seli za mtoto 9%. Kufikia saa nne daktari wa zamu alikuwa amekokotoa vichupa 16 vya anti-D, jamaa za mgonjwa walikuwa wanapiga simu duka la dawa moja baada ya jingine kuanzia River Road hadi Hurlingham, na chumba cha upasuaji kilikuwa kimejulishwa kwamba huenda mtoto wa wiki 30 akatolewa kabla ya adhuhuri.

Vichupa 16 havikuhitajika, wala upasuaji. Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya mafunzo, kwa kuunganisha mambo yanayoweza kutokea katika hospitali na maabara yoyote jijini, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta ni wodi gani.

Hesabu sahihi, jibu lisilowezekana

Kanuni ya hesabu haina ugumu. Asilimia ya seli za mtoto huzidishwa na ujazo wa damu ya mama, ambao hukadiriwa kuwa mililita 5,000. Asilimia 9 ya 5,000 ni mililita 450 za damu nzima ya mtoto. Kichupa kimoja cha mikrogramu 300 hutosha kwa mililita 30 za damu nzima, kwa hiyo 450 gawanya kwa 30 ni 15. Desimali ikiwa chini ya nusu inatupwa, ikifika nusu inapandishwa, na kwa vyovyote vile huongezwa kichupa kimoja cha tahadhari. Jumla 16. Daktari hakukosea hata hatua moja.

Ila hakuna aliyeuliza damu hiyo yote ingetoka wapi. Altrasaundi ilikadiria uzito wa mtoto kuwa gramu 1,450. Mtoto wa umri huo, ukihesabu na damu iliyo ndani ya kondo la nyuma, ana takriban mililita 100 za damu kwa kila kilo. Yaani huyu na kondo lake walikuwa na mililita 145 kwa jumla. Karatasi ilikuwa inasema kwamba mililita 450 zimevuja, mara tatu ya damu yote aliyonayo, na bado anapiga teke.

Hesabu hii ya nusu dakika ingefaa iwe kwenye fomu yenyewe ya majibu. Kuvuja kunakozidi mililita 20 kwa kilo tayari ni kukubwa, kunaweza kumtia mtoto upungufu mkali wa damu au kumuua. Kwa mtoto huyu hiyo ni mililita 29, sawa na 0.6% hivi kwenye slaidi. Slaidi ikisoma 0.6% una sababu ya kukimbia. Ikisoma 9% na mtoto anacheza, una sababu ya kuketi na kuishuku slaidi.

Ushahidi mwingine ulikuwa pale pale kitandani. Mashine ya CTG, inayorekodi mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya tumbo, iliwekwa kwa saa nne na zaidi, muda unaohitajika baada ya tumbo kugongwa, na mapigo ya mtoto yalikuwa ya kawaida, yanapanda akijisogeza, bila ule mwendo laini wa mawimbi yanayofanana unaoonekana mtoto akiishiwa damu. Hakukuwa na mikazo ya mfululizo. Dopla ya ateri ya kati ya ubongo wa mtoto, yaani altrasaundi inayopima kasi ya damu, ilisoma sentimita 43 kwa sekunde. Kwa wiki ya 30, kiwango cha katikati ni 40.5, na mstari wa hatari, ambao ni mara moja na nusu ya hapo, ni 60.7. Damu ikipungua huwa nyepesi na moyo huisukuma kwa kasi zaidi. Mtoto aliyepoteza hata theluthi ya damu yake hangesoma 43. Kipimo hicho kina masharti yake, hata hivyo: mtoto awe ametulia, mshale uwekwe karibu na mwanzo wa ateri, na pembe kati ya mwali na mshipa iwe karibu na sifuri. Pembe ikizidi, kasi inasomeka chini ya ilivyo, na hapo mtu anafarijika bure.

Tuongeze hapa jambo linalochanganywa kila mara. Kleihauer haiagizwi ili kujua kama kondo limebanduka. Kondo linaweza kubanduka vibaya bila hata seli moja ya mtoto kuingia kwa mama, kwa sababu damu inayomwagika pale mara nyingi ni ya mama mwenyewe. Kubanduka kunatafutwa kwa mkono juu ya tumbo, kwa CTG na kwa kumtazama mgonjwa.

Slaidi inahesabu nini hasa

Kipimo hiki kilitolewa na Wajerumani Kleihauer, Braun na Betke mwaka 1957. Msingi wake ni kwamba himoglobini ya utu uzima, HbA, huyeyuka na kutoka kwenye seli ikikutana na asidi, wakati himoglobini ya mtoto tumboni, HbF, hustahimili na kubaki. Damu ya mama kutoka chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, huchanganywa na maji ya chumvi kwa kiasi sawa, ikapakwa nyembamba kwenye slaidi na kuachwa ikauke. Slaidi hutiwa katika ethanoli ya 80% kwa dakika 5, ikasuuzwa, kisha ikatiwa katika bafa (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya asidi ya sitriki na fosfeti yenye pH 3.2, nyuzi 37, kwa dakika 5 nyingine. Baadaye hupakwa rangi: hematoksilini, kisha eosini au eritrosini. Seli ya mama hubaki kama kivuli, duara hafifu lisilo na kitu ndani. Seli ya mtoto hung'aa kwa waridi iliyokolea. Mtaalamu huhesabu seli zisizopungua 2,000.

Vitu vya kuharibika viko tele. Mpako ukiwa mnene, asidi haifiki kila mahali, na seli za mama zinabaki na rangi. Bafa iliyokaa wiki kadhaa hupanda pH na kuacha HbA ndani. Bafa ya baridi hufanya vivyo hivyo. Chupa ikitolewa kwenye friji ikatumiwa kabla ya kupashwa hadi 37, umeshapoteza slaidi. Na ukiipita pH kwa upande wa chini au ukizidisha dakika, hata HbF huanza kutoka na ukahesabu pungufu. Ndiyo sababu kila kundi la slaidi huambatana na mbili za udhibiti: moja ya damu ya mwanamume mzima, inayotakiwa kuwa vivuli vitupu, na nyingine ya damu hiyo hiyo iliyochanganywa na damu kidogo ya kitovu ya kundi linalolingana.

Slaidi ya mama huyu ilipotolewa kwenye sanduku na kutazamwa upya, jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba vivuli havikuwepo. Karibu kila seli ilikuwa na waridi, nyingine hafifu, nyingine ya wastani, chache zimekolea. Aliyehesabu usiku alichukua zile zilizokolea akapata 9%. Mtaalamu wa pili, bila kuambiwa la mwenzake, alipata 31%. Tofauti ya namna hiyo kati ya watu wawili wenye uzoefu yenyewe ni jibu: hakuna mpaka kati ya kundi moja la seli na jingine, kila mtu anachora wake. Damu ya mtoto ikivuja kweli, slaidi ina makundi mawili yasiyochanganyika, na mtu wa mwaka wa kwanza chuoni anaweza kuyatenganisha.

Shaka la kawaida hapo ni kwamba bafa imeharibika. Lakini slaidi ya mwanamume, iliyopita kwenye bafa ile ile dakika zile zile, ilikuwa vivuli vitupu. Bafa ilikuwa nzima. HbF ile ilikuwa ya mama.

Damu yake ilipelekwa kwenye kromatografia ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake. HbF 24%, HbA2 (aina ndogo ya himoglobini ya utu uzima) 1.7%, iliyobaki HbA, hakuna HbS, ile ya selimundu. Himoglobini kwa jumla gramu 11.6 kwa desilita, ukubwa wa seli wa kawaida. Hii ni hali ya kurithi ambapo mwili hauzimi utengenezaji wa HbF baada ya utotoni. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa na HbF ya 15 hadi 30% iliyosambaa katika seli zote, haumwi chochote, na anaweza kuishi hadi uzee bila kuijua. Huyu angeendelea kutoijua kama asingeteleza.

Hali hiyo ni nadra. Kwa maabara za Nairobi mtego unaokuja mara nyingi zaidi ni wa mama mwenye ugonjwa wa selimundu, na wapo, kwa kuwa jiji hili limejaa watu wa kando ya Ziwa na wa Pwani, ambako jeni hiyo imeenea. Kwake HbF imepanda katika baadhi ya seli tu, si zote. Kwa hiyo slaidi inakuwa na vivuli na inakuwa na seli za waridi, sura ile ile ya damu iliyovuja, na slaidi ya udhibiti haikupi dokezo lolote. Hata wajawazito wasio na tatizo lolote la damu, baadhi yao HbF hupanda kidogo katika nusu ya kwanza ya mimba. Fomu ya kuagizia Kleihauer ambayo haina nafasi ya kuandika "selimundu: ndiyo/hapana" ni fomu yenye kasoro.

Alama ambayo mama hana

Kutafuta mtoto ndani ya damu ya mama ni kazi ya zamani. Georg Schmorl alieleza mwaka 1893 seli za kondo alizoziona katika mapafu ya wanawake waliokufa kwa kifafa cha mimba. Mwaka 1969 watafiti waliona seli nyeupe zenye kromosomu Y katika damu ya wajawazito. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba seli hizo zingeokotwa na kupimwa, na sindano ya kuchota maji ya mimba ingestaafu. Haikuwa hivyo. Katika mimba ya kawaida seli za mtoto zenye kiini ni takriban moja tu kwa mililita ya damu ya mama, mbele ya mabilioni ya seli za mama. Tena baadhi yake haziondoki: mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake waliripoti seli za kiume kwa mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kiume miaka 27 kabla. Mama wa kisa chetu ana mvulana wa kwanza. Ukikuta kwake seli yenye Y, ni ya mtoto gani?

Kila kipimo cha aina hii, kiwe cha seli, protini au jeni, kinasimama juu ya dhana kwamba alama inayotafutwa mama hana. Kwa mama huyu HbF haikuwa alama ya mtoto. Antijeni D ilikuwa. Yeye ni hasi, na mtoto akiwa chanya, seli yoyote yenye D katika mkono wa mama imetoka kwa mtoto, iwe na HbF isiwe nayo.

Palipo na flosaitometri, mashine inayohesabu seli moja moja kwa mwanga, yenye kingamwili ya anti-D, hicho ndicho kipimo cha kuagiza. Pasipokuwepo, kipimo cha rozeti kinatosha kwa swali lililokuwa mezani. Seli za mama huoshwa na kuandaliwa kwa mkusanyiko wa 2 hadi 5%. Tone moja huchanganywa na tone la anti-D, nyuzi 37, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kipimo. Huoshwa kwa maji ya chumvi angalau mara nne. Hapa ndipo wengi hukosea: anti-D inayobaki bila kuoshwa hushika seli za kionyeshi zenyewe, zile za D chanya zinazoongezwa baadaye, zikagandana kila mahali. Kisha huongezwa seli za kionyeshi zenye D, huzungushwa taratibu, na hutazamwa kwa hadubini. Seli ya mtoto iliyovikwa anti-D hujizungushia kionyeshi kama maua ya petali. Kipimo hiki hakikupi mililita; kinakuambia tu kama damu iliyovuja imefika kiasi cha mililita 10 hivi au haijafika. Ukikipata chanya, sharti utafute njia ya kuhesabu. Na mama mwenye D dhaifu, yaani antijeni D iliyo chache juu ya seli zake, atakupa chanya ya uongo, maana D inayoonekana ni yake.

Kwa mama huyu rozeti ilikuwa hasi, na udhibiti wa chanya, wenye seli za D za 0.6%, ulionyesha maua kama ulivyotakiwa. Damu iliyovuja haikufika mililita 10. Kichupa kimoja kinafunika 30.

Msomaji makini atauliza: je, kama mtoto mwenyewe ni D hasi? Hapo rozeti itakuwa hasi hata angevuja damu nusu kikombe. Ni kweli. Lakini mtoto wa D hasi hamfanyi mama atengeneze anti-D, kwa hiyo kwa swali la sindano jibu halibadiliki. Swali la pili, kama mtoto ameishiwa damu, lilikuwa limekwisha jibiwa na dopla na CTG, ambazo hazijali Resus. Vipimo viwili vya aina tofauti, kila kimoja kwa swali lake.

Karatasi ya wiki ya 24

Ndani ya faili kulikuwa na karatasi nyingine ambayo hakuna aliyeigusa usiku ule. Mama na mumewe walikuwa wamesikia kwamba Resus ya mtoto inaweza kujulikana kwa damu ya mama tu, wakalipia kipimo hicho katika wiki ya 24, sampuli ikasafirishwa nje ya nchi. Jibu lilisema haikuamuliwa, mchukulieni mtoto kama D chanya. Waliona wamepoteza pesa.

Kipimo hicho hakitafuti seli. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea ndani ya plazma ya mama, vingi kuliko seli kwa mbali. Kwa kawaida ni takriban sehemu moja ya kumi ya DNA yote iliyo huru katika plazma, vinatoka hasa kwenye kondo la nyuma, na baada ya kujifungua vinatoweka kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo mvulana wa kwanza hawezi kuingilia majibu ya mimba ya pili. Kwa mwanamke mwenye Resus hasi wa Ulaya kazi ni rahisi: mara nyingi yeye hana kabisa jeni ya RHD, inayotengeneza antijeni D, kwa hiyo RHD yoyote inayoonekana ni ya mtoto.

Mwafrika mwenye Resus hasi ni habari nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliochunguza Waafrika weusi wenye D hasi, takriban theluthi mbili walikuwa na jeni ya RHD iliyovunjika: ipo, ila ina kipande kilichojirudia cha herufi 37 na alama ya kusimamisha, kwa hiyo haitengenezi protini. Wenye kupungukiwa jeni nzima walikuwa 18% tu. Mwanamke mwenye jeni iliyovunjika ni D hasi kweli kwenye kipimo cha kawaida cha kundi la damu na anahitaji anti-D kama mwingine yeyote. Lakini mashine ya PCR, inayonakili DNA tena na tena hadi ionekane, inaiona jeni yake. Maabara isiyojua hili itaandika "mtoto D chanya" kwa kila mama wa aina hiyo, na itapatia mara nyingi kwa bahati tu.

Namba za karatasi ile zilikuwa na maana. Eksoni 7 na 10, ambazo ni sehemu za jeni ya RHD, zilitokea kwenye mzunguko wa 31.2. Eksoni 5, ambayo vianzishi vyake (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) vilitengenezwa ili visiishike jeni iliyovunjika, ilitokea kwenye 34.6. Kila mzunguko wa PCR huzidisha DNA mara mbili, kwa hiyo tofauti ya mizunguko 3.4 ni takriban mara kumi. Ishara ya eksoni 7 na 10 ilikuwa na nguvu ya DNA ya mama. Mtoto mwenye sehemu moja ya kumi hawezi kuitoa peke yake. Ishara ya eksoni 5, dhaifu mara kumi, ndiyo iliyolingana na mtoto. Hoja ni ile ile ya mililita 450: kiasi kikizidi uwezo wa mtoto, mwenye nacho ni mama.

Maabara ilifanya vyema kutotangaza "chanya" kwa eksoni moja. Hata hivyo, kwa anayesoma namba, mtoto huyu yaelekea sana ni D chanya, na hilo lilipa rozeti hasi uzito zaidi. Kuchoma sindano ya maji ya mimba ili kuthibitisha kungekuwa upuuzi. Sindano hiyo, inayoweza kufanywa kuanzia wiki ya 15 kamili, ndiyo inayoaminika kwa uchunguzi wa kromosomu, kwa sababu seli zake ni za mtoto mwenyewe. Ila nayo huweza kuvujisha damu ya mtoto kwa mama, na hapa ungekuwa unasababisha lile unaloliogopa ili kujua kama uliogope.

Sindano

Kosa lililokuwa na hatari kubwa kuliko yote katika kisa hiki lilikuwa la usiku wa kwanza: sindano kusubiri hesabu. Hesabu haiamui kama mama atapewa kichupa cha kwanza. Inaamua kama ataongezwa. Damu ya kipimo huchukuliwa kwanza, kisha mikrogramu 300 zinadungwa papo hapo. Dirisha ni saa 72. Likishapita, bado inafaa kudunga hadi siku ya 10, ila kinga inapungua. Mama huyu alipata kichupa chake kimoja saa 19 baada ya kuanguka, akiwa ndani ya muda, kwa bahati ya kwamba hakuishi mbali.

Vipimo vya dawa navyo vina mtego. Mikrogramu 300 ni yuniti 1,500; mikrogramu moja ni yuniti 5. Hesabu ya Kimarekani iliyotumika hapo juu ni ya damu nzima: mikrogramu 300 kwa mililita 30. Hesabu ya Kiingereza ni ya seli nyekundu peke yake: yuniti 125 kwa mililita, na yuniti 500 kwa mililita 4. Nairobi tunatumia vitabu vya pande zote mbili na vichupa vya pande zote mbili. Maabara ikiandika "mililita 12" bila kusema ni za nini, daktari mmoja atatoa kichupa kimoja cha 1,500 akiwa sahihi, mwingine atatoa nusu ya kinachotakiwa akidhani yuko sahihi. Andika "damu nzima" au "seli nyekundu". Na kabla ya kudunga dozi kubwa, soma karatasi ya dawa: baadhi ya bidhaa ni za msuli tu, zikipitishwa kwenye mshipa zinaweza kumdhuru mgonjwa.

Saa 72 baadaye damu ya mama ilirudiwa kwa kipimo cha kingamwili. Kilikuwa chanya kwa anti-D, na hiyo ndiyo habari njema iliyotafutwa: dawa imebaki ya ziada. Lakini nusu ya dawa hiyo hubaki mwilini kwa takriban wiki tatu, kwa hiyo kliniki nyingine ikipima wiki ya 34 itaona anti-D dhaifu na inaweza kumwandikia "ameshaathirika", aachwe bila sindano baada ya kujifungua. Tarehe, saa na kiasi viliandikwa kwenye kijitabu cha mama kwa kalamu nyekundu, pamoja na mstari wa pili: "HbF ya mama mwenyewe 24%. Usitumie Kleihauer. Tumia rozeti au flosaitometri."

Mstari huo ulifanya kazi wiki ya 38. Alijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kilo 3.1. Damu ya kitovu: A, Resus chanya, kipimo cha kingamwili juu ya seli za mtoto chanya hafifu, kinachotarajiwa dawa ya mama inapovuka kondo, na manjano haikufika kiwango cha kumweka chini ya taa. Damu ya mama ilichukuliwa dakika 45 baada ya kondo kutoka, ili iliyoingia ipate kuchanganyika. Rozeti hasi, kichupa kimoja, ndani ya siku ile ile.

Limebaki la mtoto. Kila mtoto mchanga ana HbF nyingi, kwa hiyo kupima sasa kama amerithi hali ya mama ni kupoteza damu yake. Arudishwe baada ya kutimiza mwaka mmoja na miezi kadhaa. Baba ndiye anayestahili kupimwa mapema, kwa selimundu. Akiwa anabeba HbS, mtoto anayechukua HbS kwake na hali ya HbF kwa mama kwa kawaida huwa na afya, ila karatasi yake ya himoglobini itafanana na ya mgonjwa wa selimundu, na mtu asiyejua historia ya mama anaweza kumwanzishia matibabu ya ugonjwa asio nao.